Moto Chini ya Mafunjo

Wifi yangu Tabitha alifariki mwezi uliopita, na tangu tumzike nimekuwa nikisikia harufu ya moshi. Ninaishi Mombo, karibu na barabara kuu, na hapa moshi si kitu cha kumshangaza mtu. Kuna wachoma mahindi, kuna malori, kuna majirani wanaochoma takataka kila jioni. Lakini huu ninaousema ni moshi wa udongo, wenye harufu ya mizizi iliyooza, unaokaa kooni kama kitu ulichomeza vibaya. Mara ya mwisho kuusikia nilikuwa binti wa miaka ishirini, mwaka wangu wa kwanza wa ndoa, huko juu milimani, katika bonde lililo chini ya kijiji cha Kwai. Mume wangu Yona ananiambia ni mawazo ya msiba, yatapita. Huenda ni kweli. Watoto wetu wanajua kwamba shangazi yao alitembea kwa magongo, na kwamba alifuma majamvi ambayo watu walikuja kuyatafuta kutoka mbali. Zaidi ya hapo hawajui, kwa sababu Tabitha mwenyewe hakupenda kusimulia. Sasa hayupo, na mimi sitaki kisa hiki kiondoke naye.

Nilipoolewa tuliishi kwenye nyumba ya mama mkwe, nyumba ya miti na udongo yenye bati upande wa mbele na nyasi upande wa jikoni. Ilisimama ukingoni mwa bonde, na ukifungua dirisha la chumba chetu kitu cha kwanza kukiona kilikuwa mafunjo. Yalijaa bonde lote, ukingo hadi ukingo, marefu kuliko mtu, shina la kijani lenye pembe tatu na juu yake kishungi kama nywele zilizotimka. Upepo ukipita yalilala yote upande mmoja kisha yakainuka, na sauti yake ilifanana na watu wengi wanaonong'ona kanisani kabla ibada haijaanza. Kila kitu ndani ya nyumba ile kilikuwa cha mafunjo. Tulilalia majamvi ya mafunjo, dari lilikuwa la mafunjo, matenga ya plamu na peasi yalitandikwa mafunjo ili matunda yasichubuke njiani, na maharage yalianikwa juu ya mafunjo. Hata mizizi yake minene ilikaushwa ikawa kuni za siku za mvua. Chumba cha Tabitha, aliyerudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika, hakikuwa na nafasi ya kukaa. Matita ya mafunjo yaliegemezwa kwenye kuta zote nne, mabichi huku, makavu kule, na katikati ndipo alipoketi yeye akifuma, miguu ameinyoosha mbele, vidole vyake vimejaa makovu madogo ya kukatwa na majani. Alinifundisha kupasua shina kwa kisu bila kulivunja. Alikuwa mtu wa maneno machache na kicheko cha ghafla, na katika nyumba ile ya ugenini ndiye aliyenifanya nisijihisi mgeni.

Mama mkwe hakulipenda bonde. Mtoto wake wa kwanza alizama humo akiwa anatambaa, kabla ya Zakaria, kabla ya Tabitha, kabla ya Yona wangu. Hakuna aliyelizungumzia jambo hilo mbele yake. Niliambiwa na Tabitha siku moja tukiwa tunakata, kwa sauti ya chini, kana kwamba mafunjo yenyewe yangesikia. Niliona tu kwamba mama aliketi akilipa bonde mgongo kila mara, hata tulipokula kande nje penye jua, na kwamba vyura walipoanza kulia jioni aliingia ndani na kufunga mlango.

Ule ulikuwa wakati ambao mambo yalikuwa yakifunguka kila mahali. Maduka ya Lushoto yaliyokuwa na rafu tupu nilipokuwa shuleni yalijaa sabuni na khanga na redio. Wafanyabiashara walipanda na malori kutoka Dar es Salaam bila kuuliza ruhusa ya mtu, wakanunua mboga shambani kwa mkulima mwenyewe. Mitumba ilimwagwa sokoni kama mchanga. Pamoja na mitumba ikaja mikeka ya plastiki, myekundu na ya bluu, ambayo ililala kwenye viwanja vya soko karibu na majamvi ya Tabitha na kuyafanya yaonekane ya kizee. Na shemeji yangu Zakaria, aliyekuwa msimamizi kwenye shamba kubwa la chai, akapunguzwa kazi pamoja na wenzake wengi wa kutoka kila pembe ya nchi, shamba likisubiri mwenye nalo mpya. Alirudi nyumbani na sanduku la bati, viatu vya mvua, na wazo moja.

Wazo lenyewe nililisikia kupitia ukutani, maana ukuta wa chumba chetu na sebule ulikuwa na ufa ninaoweza kuuchora hadi leo. Zakaria alimweleza mama kwa Kishambaa, taratibu, kama mtu anayesoma. Alisema bonde ni udongo mweusi ambao haujawahi kuguswa. Alisema wakichimba mfereji katikati hadi mtoni, maji yatatoka, na pale patakuwa na kabichi mwaka mzima, masika na kiangazi. Malori yapo. Watu wa mabonde mengine wameshaanza. Nilidhani mama atakataa, kwa sababu ya Tabitha, kwa sababu majamvi ndiyo yaliyomlisha. Kisha nikamsikia akisema, "Likausheni lote. Nataka siku moja nilale bila kulisikia."

Walichimba wakati wa kiangazi, Zakaria na Yona na vibarua aliofanya nao kazi kwenye chai. Ilistaajabisha jinsi bonde lilivyosalimu amri upesi. Maji ya rangi ya chai ya rangi yalitiririka kwenye mfereji usiku na mchana, na udongo uliobaki ukaanza kushuka, ukawa mwepesi, ukikanyaga unabonyea kama godoro. Mafunjo yakabadilika rangi kuanzia nchani. Waliyakata, wakayalundika sehemu ya chini ya bonde, wakayatia moto. Moto uliwaka siku kadhaa, mzuri kuutazama, na majivu yakatawanywa. Sehemu ya juu wakapanda kabichi, na niseme ukweli wake, sijawahi kuona kabichi kama zile. Majani yake yalikuwa mapana kama sinia. Katikati likabaki kisiwa kidogo cha mafunjo mabichi, mahali palipokuwa na chemchemi, ambapo Zakaria alisema watapamaliza mwaka unaofuata. Tabitha hakupinga neno. Alikata yaliyobaki kwa uangalifu, kama mtu anayechota unga chini ya pipa.

Dalili zilianza na ukimya. Vyura waliondoka, na yule mama aliyetaka kulala bila kulisikia bonde akaanza kuamka kabla ya alfajiri na kukaa mlangoni, akisikiliza. Ndege wadogo wa manjano waliofuma viota kwenye vishungi waliondoka pia. Chemchemi tuliyochotea maji ya kunywa ikapungua ikawa uzi, na maji yake yakawa na ladha ambayo chai haikuweza kuificha. Kisha watu wa kijiji cha chini, wazee kwa wanawake, wakapanda kuja kwetu. Walisalimiwa, wakaketi, wakapewa uji. Walieleza kwamba kijito chao hakijawahi kukauka tangu wazazi wao, hata miaka ya ukame, kwa sababu mafunjo ya juu yaliyashika maji ya mvua na kuyaachia kidogo kidogo. Sasa kimekauka, na siku kinapotiririka kinaleta tope. Zakaria aliwajibu kwa heshima kwamba hali ya hewa imebadilika kila mahali, na kwamba wakitaka anaweza kuwasaidia kulima na wao. Mwanamke mmoja miongoni mwao hakunywa uji. Aliuweka chini na kumuuliza mama mkwe kama na yeye ni hali ya hewa.

Halafu ukaja moshi. Asubuhi moja nilifungua dirisha nikaona nyuzi nyembamba nyeupe zikipanda kutoka sehemu ya chini ya bonde, pale walipochoma mafunjo wiki nyingi zilizopita. Hapakuwa na moto wowote wa kuonekana. Ardhi ilikuwa nyeusi na tulivu, na moshi ulitoka ndani yake kama pumzi ya mtu aliyelala. Nilimwita Yona, akatazama. Siku zilizofuata nyuzi ziliongezeka na kusogea, leo hapa, kesho pale, daima zikielekea juu, kwenye kisiwa cha mafunjo na kabichi. Udongo ule, niliuelewa baadaye, ulikuwa mizizi na majani ya miaka na miaka yaliyooza bila kukauka. Kwa kuukausha tuliugeuza kuni, na moto tulioudhani umezimika ulikuwa umeshuka chini na unakula polepole, mahali ambapo hakuna aliyeweza kuufuata. Nguo zilizoanikwa zilinuka. Ugali ulinuka. Nilikuwa na mimba changa, na harufu ile ilinifanya nitapike kila nilichokula, hata ndizi za kuchemsha ambazo Tabitha alinipikia peke yangu. Ng'ombe wa jirani alikwenda kule akarudi akichechemea, kwato zimeungua. Jioni hiyo tukila, Zakaria alisema bila kuinua macho kwamba sisi wanawake hatuna haja ya kupita sehemu ya chini kwa sasa. Hakusema sababu. Nimeyafikiria maneno yale kwa miaka mingi. Alijua. Alikuwa akizunguka kule kila asubuhi na fimbo, akigonga ardhi kama daktari anavyogonga kifua, na alijua moto umefika mbali kuliko alivyotuambia.

Lakini moto haukubaki sehemu ya chini. Tabitha alikuwa ameahidi majamvi kwa ajili ya vijana wa kipaimara, watakaoketi juu yake siku ya sherehe, na mafunjo mabichi yalikuwa pale kisiwani tu. Tulikwenda wawili, asubuhi yenye jua, kwa njia tuliyoizoea. Tulikata hadi tukatosheka. Tulipokuwa tukirudi yeye alitangulia, tita kichwani, akinieleza jambo fulani la kuchekesha kuhusu mchungaji, na katikati ya neno ardhi ikafunguka. Haikutoa kishindo. Ilikuwa kama utando wa uji unaopasuka. Mguu wake wa kulia ukazama hadi juu ya goti, na kutoka ndani ya shimo likapanda wingu la majivu na joto lililonichoma uso nikiwa nimesimama mbali. Ndani yake niliona wekundu, kama ndani ya jiko. Hakupiga kelele. Alisema tu, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Usije, Ester. Usikanyage."

Tita lake lilikuwa limedondoka kati yetu. Sijui nani aliyenifundisha nilichofanya. Pengine ni yale mafunjo yenyewe, kwa sababu nilikuwa nimeyashika siku zote. Nililaza tita langu juu ya ardhi, mabichi, mazito kwa maji, nikalala juu yake kwa tumbo huku nikimwomba Mungu amshike aliyekuwa ndani ya tumbo hilo, nikasukuma tita lake mbele yangu hadi alipolifikia. Alilikumbatia. Nilivuta. Mafunjo yakaanza kufuka moshi chini yangu, na mara mbili nilihisi ardhi ikishuka, lakini alitoka. Niliuona mguu wake na sitauelezea. Yona alikuja mbio kupitia matuta ya kabichi, akamchukua mikononi. Nilipoinua kichwa nilimwona Zakaria amesimama mwisho wa kabichi, jembe mkononi, wala hakusogea hatua. Yona hakujua pa kukanyaga, akaja. Yeye alijua, akabaki.

Tulimlaza juu ya jamvi alilolifuma mwenyewe, wanaume wakalifunga kwenye miti miwili na kumpandisha barabarani, na lori lililokuja kuchukua mboga likatupeleka Bumbuli hospitalini, mimi nimekaa nyuma nimempakata kichwa. Walimtunza vizuri, lakini mguu chini ya goti haukuwa wa kuokolewa. Niliporudi nyumbani baada ya siku nyingi, niliwakuta wakila ugali na maharage kama watu wasiofahamiana. Mama aliniuliza habari nikampa. Alinawa mikono, ingawa alikuwa hajamaliza, akamgeukia Zakaria akamwambia mfereji ufungwe, maji yarudi.

Zakaria alisema kabichi zimebaki kidogo tu. Alisema zikivunwa atafunga mfereji kwa mikono yake. Hakuwa akigomba. Alikuwa akiomba, na macho yake yalikuwa mekundu, na nilitambua kwamba kabichi zile ndizo kitu pekee kilichosimama kati yake na ule mwaka alioambiwa kwamba kazi yake imekwisha. Nilimhurumia. Hilo nalo ni kweli.

"Kwa mwanangu wa kwanza nililitupia lile bonde lawama," mama alimwambia. "Huyu nimempeleka mimi, kwa mdomo wangu. Kabichi zako hazina nafasi kwenye jambo hili."

Aliinuka, akachukua jembe nyuma ya mlango, akateremka. Mwanamke yule, aliyekuwa hajaligeukia bonde tangu nimjue, aliingia kwenye mfereji hadi magotini na kuanza kuangusha kingo zake. Yona aliacha chakula akamfuata. Mimi nilibeba mawe madogo, ndiyo niliyoruhusiwa. Kabla ya jua kushuka wanawake wa kijiji cha chini walituona kutoka mbali, wakapanda na majembe yao bila kuitwa, na miongoni mwao alikuwepo yule aliyekataa uji. Yeye na mama walifanya kazi bega kwa bega hadi mfereji ukawa ukuta.

Maji yalichukua muda kurudi. Yalipofika kwenye moto ardhi ilizomea. Mvuke ulipanda bonde zima, na kutoka chini zilitoka sauti za kukoroma na kupasuka ambazo ziliwafanya mbwa wajifiche. Vipande vya ardhi vilididimia vyote kwa pamoja, na kabichi zilizokuwa kama sinia zikaelea, kisha zikaoza, uvundo wake ukakaa nasi hadi mvua za vuli. Zakaria alifunga sanduku lake la bati na kuondoka bila kuaga. Tulisikia kwamba amepata usimamizi kwa tajiri mmoja aliyekodi bonde ng'ambo ya kilima.

Tabitha alirudi na magongo mawili. Pembezoni mwa maji, chipukizi za mafunjo zilikuwa zimeanza kutoka, nyembamba kama sindano za kushonea magunia, lakini pale moto ulipokula sana palibaki dimbwi jeusi ambalo halikuota kitu. Aliketi mlangoni na kulitazama. Alikuwa hajauliza habari za kaka yake hata mara moja. Siku moja, asubuhi, tukiwa tunachambua maharage watatu, mama aliacha mikono hewani. Nyuma ya kilima uzi mwembamba mweupe wa moshi ulikuwa unapanda, ukionekana wazi kabisa. Tukautazama. Kando yake ukatokea mwingine.

Mama alisimama akasema atakwenda yeye. Tabitha alikuwa ameshavuta magongo yake. "Mimi ndiye nitakwenda," alisema. "Zakaria hahitaji kunisikiliza, atanitazama tu."

Nilikwenda naye. Njia ile mtu mzima wa miguu miwili huitembea kabla chai haijapoa. Sisi ilituchukua asubuhi yote, na mara kadhaa alianguka na kukataa mkono wangu. Tulipofika juu tuliliona bonde lao lote, jeusi, limekatwa mfereji katikati, vibarua wametawanyika ndani yake wakiimba, na moshi ukitoka sehemu tano au sita bila mtu kuujali. Zakaria alituona akapanda. Alisimama chini yetu kidogo, kofia mkononi, akamwamkia dada yake mdogo kama mtu mkubwa anavyoamkiwa. Shikamoo, alimwambia. Tabitha hakuitikia. Alimwonyesha bonde kwa gongo lake, akamwambia awatoe watu wale.

Zakaria alieleza kwamba shamba si lake. Amemwambia tajiri, mara mbili, na tajiri amejibu kwamba moshi si moto. Tabitha alisubiri. Mwishowe Zakaria aligeuka, akaweka mikono mdomoni, akawaita vibarua kwa majina yao, mmoja mmoja. Wengine walitoka. Wengine walicheka wakaendelea na kazi, maana walikuwa wametoka mbali na hawakuwa na pengine pa kwenda. Aliita hadi sauti ikamkauka. Halafu akavua viatu vya mvua alivyopewa na tajiri, akaviacha njiani, akachutama mbele ya dada yake na kumpa mgongo.

Nilidhani Tabitha atampiga kwa gongo. Badala yake akanipa magongo yote mawili nimshikie, akamzungushia kaka yake mikono shingoni, naye akainuka naye. Tulirudi hivyo hadi nyumbani, Zakaria pekupeku, Tabitha mgongoni mwake, mimi nyuma na magongo. Tabitha aliegemeza shavu lake kwenye bega la Zakaria, uso ameugeuza nyuma, akiutazama moshi. Tulikuwa tumeshaanza kuteremka upande wetu, na bado tuliwasikia wale waliobaki, wakiimba.